Mkono Mfukoni, Meseji Hewani

Hata pumzi haijanirudia vizuri, lakini acha niseme. Nimesoma meseji ya WhatsApp ikielea hewani mbele ya jicho langu, kisha nikaifunga bila kugusa kitu, bila kusema neno, bila hata kutikisa kichwa. Na mkono wangu wa kulia muda wote huo ulikuwa ndani ya mfuko wa koti!

Nilikuwa Minneapolis kwa dada yangu, Desemba, theluji imejaa barazani na mimi nimevaa koti mpaka sebuleni. Shemeji yangu ni mtu ambaye kifaa kipya hakimpiti. Akatoka chumbani na kikasha mkononi, anacheka peke yake. "Shem, iache chai kwanza. Vaa hii."

"Hii" ni Meta Ray-Ban Display, miwani iliyotangazwa Septemba 2025 na kuanza kuuzwa Marekani mwisho wa mwezi huohuo. Ukiitazama kwa haraka ni miwani nyeusi ya kawaida yenye fremu nene kidogo. Ina gramu 69. Niliivaa nikasubiri ajabu, na ajabu haikuja. Nikaona sebule, runinga, shemeji anacheka. Basi.

"Bado," akasema. "Lete mkono."

Akanifunga bangili. Imara, nyepesi, kama saa ambayo mtu ameing'oa uso. Imefumwa kwa Vectran, uzi uleule uliotengenezewa mifuko ya hewa iliyokipokea chombo cha Pathfinder kilipotua Mars mwaka 1997. Akaikaza juu kidogo ya kifundo, vijisahani vyake vya chuma vikagusa ngozi, baridi. Akaniambia nigonganishe kidole gumba na kidole cha kati mara mbili. Nikagonganisha.

Mama yangu! Upande wa kulia, chini kidogo ya pale ninapotazama, kikafunguka kidirisha cha rangi. Hakikuwa juu ya lenzi kama doa. Kilikuwa mbele yangu, angani, kama mtu kakitundika kwenye kamba ya nguo. Kabla sijamaliza kushangaa ikaingia meseji kutoka jikoni, ya dada yangu: "Chai inapoa."

Sasa nikueleze vidole vinavyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipopotelewa na akili. Kidole gumba kikibana kidole cha shahada, umechagua. Gumba kikibana kidole cha kati, umerudi nyuma. Ukitaka kupandisha au kushusha orodha, unateleza kidole gumba juu ya ubavu wa kidole cha shahada, taratibu, mbele na nyuma. Ulishamwona mzee akivuta tasbihi baada ya swala, kidole gumba kikisukuma punje moja baada ya nyingine huku macho yake yako kwingine kabisa? Ndivyo hivyo. Na sauti ya muziki unaipandisha kwa kubana vidole na kuzungusha mkono, kama vile umeshika kitufe cha redio ya zamani. Kitufe hakipo. Mkono unazungusha hewa, muziki unapanda!

Nilijua tu kuna kamera inaniangalia vidole. Ndipo shemeji akaniambia nitie mkono mfukoni, nijaribu tena. Nikateleza gumba. Orodha ikashuka. Nikauficha mkono nyuma ya mgongo. Ikashuka. Nikavaa glovu nene za theluji, nikabana. Ikafunguka!

Siri yake si kamera. Misuli inayokunja vidole vyetu mingi haiko kwenye vidole, iko mkononi, kati ya kiwiko na kifundo. Vidole vinavutwa na kano tu, kama vibaraka. Ubongo unapotaka kidole kikunjwe, neva hupeleka amri kwenye misuli hiyo, na misuli inapoitika hutoa umeme mdogo sana unaofika hadi kwenye ngozi. Vile vijisahani baridi vinausikia. Dada yangu ni muuguzi. Aliposikia maelezo hayo alisema hiyo ni ndugu ya mashine ya kupima umeme wa moyo, akaenda zake. Amesema kweli. Tofauti ni kwamba hii haihitaji kitanda wala jeli, na inafanya kazi saa 18 kwa chaji moja.

Jambo lililonishika zaidi ni kwamba bangili ile haikuwa yangu. Haikunijua. Kwa miaka, vifaa vya aina hii vilikuwa na tabia ya kumtaka kila mtu akae avifundishe misuli yake kwanza, maana mkono wa mtu mnene si wa mtu mwembamba. Julai 2025 watafiti wa Meta walichapisha kazi yao katika jarida la Nature wakaonyesha kwamba, ukikusanya ishara za maelfu ya watu, programu inaweza kumwelewa mtu ambaye haijawahi kukutana naye. Katika majaribio hayo watu waliandika herufi kwa kidole, bila kalamu, kwa kasi ya karibu maneno 21 kwa dakika. Mimi kwenye simu, na vidole vyangu hivi, sijui kama nafika huko.

Mimi husoma habari za hataza kama wengine wanavyosoma matangazo ya mirathi: nani kaacha nini, nani karithi. Na mirathi ya bangili hii ni tamu. Mwaka 2013 vijana wa Thalmic Labs, huko Kanada, walitangaza kifaa kiitwacho Myo, pete kubwa ya kuvaa chini ya kiwiko, ya kusoma misuli. Watu walishangilia, lakini matumizi yake hayakupatikana vizuri, na 2018 kampuni ikaacha kuiuza, ikajibatiza jina la North na kugeukia miwani. Juni 2019 hataza za Myo zikauzwa kwa CTRL-labs ya New York. Mwanzilishi mmojawapo wa CTRL-labs ni Thomas Reardon, yuleyule aliyeanzisha mradi wa Internet Explorer akiwa Microsoft, kisha akarudi darasani kusomea sayansi ya neva. Miezi mitatu tu baadaye, Septemba 2019, Facebook, ambayo leo ndiyo Meta, ikainunua CTRL-labs yenyewe. Na North? Mwaka uliofuata ikanunuliwa na Google! Nyumba iliyowahi kuwa na bangili na miwani pamoja ikagawanyika, bangili ikaenda kwa tajiri mmoja, miwani kwa tajiri mwingine. Hii niliyovalishwa sebuleni kwa dada ni mjukuu.

Kioo chenyewe nacho kina mambo. Picha inatoka kwenye projekta ndogo iliyofichwa ndani ya fremu, inaingia kwenye lenzi ya kulia, inadundadunda ndani ya kioo kama mpira kwenye korido, halafu vijioo vyembamba vilivyozikwa humo vinaitoa kuelekea jichoni. Hivyo vijioo huvioni. Nilitafuta mpaka macho yakatoka machozi. Kidirisha kina pikseli 600 kwa 600, na mwangaza wake unafika niti 5,000, kwa hiyo nilitoka nje, jua linapiga juu ya theluji nyeupe kama sahani, lenzi zikajitia giza zenyewe, na maandishi yakabaki yanasomeka. Nikamwuliza shemeji aliyesimama mbele yangu kama anaona ninachosoma. Haoni kitu. Meta wanasema ni asilimia 2 tu ya nuru inayovujia nje, nami nimeamini.

Tukajaribu maandishi ya mazungumzo. Dada akaongea Kiingereza kutoka upande wa pili wa meza, na maneno yake yakaanza kujipanga hewani chini ya kidevu chake. Shemeji akaingilia kwa kelele upande wa pembeni. Miwani ikamwacha, ikaendelea kumwandika yule ninayemtazama. Hapo sikucheka. Nilimkumbuka jirani yetu wa nyumbani asiyesikia, anavyokaa harusini akitazama midomo ya watu.

Ila Kiswahili hakikuwemo katika lugha za tafsiri miwani ilipozinduliwa, na hilo liliniuma. Mengine ya kulalamikia yapo: kidirisha ni cha jicho moja, na upana wake ni nyuzi 20 tu, kwa hiyo usitegemee ramani itakayotandikwa juu ya mtaa mzima. Betri ya miwani ni kama saa sita za matumizi mchanganyiko. Na kamera iliyo usoni, hata kama ina kitaa kinachowaka inaporekodi, si kitu cha kuingia nacho kwenye nyumba ya watu bila kubisha hodi mara mbili.

Lakini jamani! Mwaka 1968 Ivan Sutherland alipotengeneza kofia ya kwanza ya kumwonyesha mtu michoro juu ya dunia halisi, vifaa vyake viliunganishwa na nguzo iliyoning'inia darini. Tarehe 3 Aprili 1973 mhandisi Martin Cooper alisimama barabarani New York na simu ya mkononi ya zaidi ya kilo moja, akampigia mpinzani wake wa Bell Labs kumjulisha kuwa ameshindwa. Hataza ya mfumo ule ilitolewa 1975. Simu ya kwanza ya ukoo huo kuingia dukani, DynaTAC, iliuzwa dola 3,995. Sisi wenye simu mbilimbili mfukoni tunajua hadithi ile iliishia wapi.

Hii ilianza kuuzwa kwa dola 799, bangili ikiwa ndani. Ni pesa nyingi, na kwa mwaka wa kwanza nisingemshauri mtu auze kiwanja. Ila nasema hivi: miwani itabadilika, itapungua unene, itapata jicho la pili. Bangili ndiyo iliyokwisha kufika. Natamani siku moja niivae hata bila miwani, nizime taa nayo, nigeuze kurasa, nipokee simu nikiwa nimebeba mtoto.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu anayekuja likizo kutoka Marekani na anayo, usimwagize yako. Mwombe akuvalishe dakika kumi. Na uanze mkono ukiwa mfukoni.