Bunduki na Pande za Utawala katika Habari za Wakilindi

Sheria za Tanzania hulitazama suala la silaha na suala la siasa za vyama katika mafungu mawili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaweka masharti ya umiliki wa bunduki. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yanakikataza chama kuunda kikundi chake cha ulinzi. Uhakiki huu unadai kwamba katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, masuala hayo mawili ni suala moja. Matini haiulizi tu nani ana bunduki. Inauliza bunduki hiyo iko upande wa nani, na baruti yake inapita kwa nani.

Kitabu kinaanza bila bunduki. Mbegha anatoka Ungulu, katika milima ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni, akiwa mwindaji mwenye mbwa na mikuki. Anawaua nguruwe waharibuo mashamba, anawagawia watu nyama, nao wanampa vyakula na hatimaye utawala wa Vuga. Wahakiki wengi huisoma sehemu hii kama visaasili vya chimbuko, na si makosa. Hata hivyo, inafaa pia isomwe kama kipimo ambacho msimulizi atakitumia baadaye kimyakimya: silaha ya Mbegha inahalalishwa na watu wasiokuwa wa ukoo wake, kwa sababu faida yake wanaila wao.

Kipimo hicho kinavunjika Mazinde, katika Wilaya ya Korogwe ya leo. Kimweri Zanyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri na baba mdogo wa mtawala huyo mpya, alikaa bondeni kwenye njia ya misafara iliyofuata mto Pangani. Vuga iliishi kwa kodi ya mlimani. Mazinde iliishi kwa pembe na mateka waliobadilishwa kwa bunduki na baruti kutoka pwani. Feierman (1974) ameueleza mgongano huo kwa undani, akionyesha jinsi biashara ilivyouhamisha uzito wa mamlaka kutoka mlimani kwenda bondeni. Hoja yake ina nguvu. Lakini mtafiti anayeitumia matini kama ghala la ushahidi wa kiuchumi tu hupitwa na jambo moja: msimulizi huwapa nafasi kubwa ugomvi wa jamaa, heshima iliyovunjwa na manung'uniko ya raia. Kiva, maasi ya Wabondei dhidi ya watawala wa Kikilindi, hayaelezeki kwa hesabu ya bunduki. Watu walikuwa wamechoka kutawaliwa na wana wa mfalme waliowadhulumu. Bunduki iliupa upande uliokwishakuwapo uwezo wa kutosikiliza upande mwingine; haikuuzaa upande huo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni kile ambacho Semboja hakukifanya. Vuga ilichomwa mwishoni mwa miaka ya 1860, naye hakuhamia huko. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti, akabaki Mazinde. Kiti kikawa alama, na njia ya baruti ikawa serikali. Ndipo panapoonekana kwamba mshindi mwenyewe hakuamini kuwa ushindi wake ungesimama bila njia ile.

Hapa lazima tumkabili mwandishi. Abdallah bin Hemedi alikuwa karani wa Semboja. Hakuwa shahidi aliyekaa kando. Kalamu yake ilikuwa miongoni mwa vyombo vya upande mmoja, hasa kwa mtawala ambaye nguvu zake zilitegemea mawasiliano na pwani. Kitabu kilipigwa chapa na wamisionari wa UMCA kwa sehemu, kuanzia mwaka 1895, mwaka ambao Semboja alifariki na Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa hapo Mazinde. Hariri ya J. W. T. Allen ya mwaka 1962 imetupa matini inayosomeka vizuri, lakini usomaji uliofuata umeridhika mno na sauti tulivu ya msimulizi. Utulivu huo si kutoegemea upande. Ni utulivu wa mtu aliyeuona upande wake ukishinda, kisha akaona bunduki za wote, za Mazinde na za Vuga, zikiwa chini ya amri ya dola moja ya kigeni. Kwa hiyo kila mahali ambapo matini inamtaja Semboja kwa upole, mhakiki anapaswa kuuliza upole huo ni wa karani wa zamani, au wa mzee anayeandika wakati ambapo hapakuwa tena na upande wa kuutumikia.