Njaa ya Mmea: Ufukara na Kicheko katika The Little Shop of Horrors

Ni ada ya wanaoijadili The Little Shop of Horrors (1960) kuanza na kuishia kwenye uchache wa fedha. Roger Corman, mwongozaji wake, aliitengeneza kwa takriban dola 30,000, na sehemu kubwa ya picha ilipigwa kwa siku mbili tu, katika mandhari yaliyosalia baada ya filamu nyingine. Habari hizi ni za kweli, lakini zimegeuzwa kuwa msamaha: eti kazi ya haraka isihukumiwe. Mhakiki hana budi kuukataa msamaha huo, kwa kuwa ufukara ndio maudhui yenyewe.

Seymour ni kibarua katika duka la maua la Mushnick, katika mtaa wa mafukara. Wateja ni haba. Mmea anaoutunza hunawiri kwa damu tu, na kadiri unavyokua ndivyo fedha zinavyoingia. Kitovu cha filamu, kwa maoni yetu, si ulaji wa watu bali ni ile asubuhi ambapo Mushnick, aliyeshuhudia usiku mmea ukilishwa viungo vya binadamu, anakusudia kwenda polisi; anauona mlolongo wa wateja, anasita, na biashara inaendelea. Mswada wa Charles B. Griffith haumkemei. Unatuchekesha, nasi tukicheka tumekwisha kuwa washirika wake. Kejeli hii inachoma kuliko hotuba yoyote dhidi ya tamaa.

Si kila kichekesho kina uzito huo. Tukio la mgonjwa anayefurahia kung'olewa meno, lililoigizwa na Jack Nicholson kabla hajavuma, hukumbukwa na wengi kuliko mengine, ilhali linaning'inia pembeni mwa msuko.

Mwisho ndio unaomtatiza msomaji aliyelelewa kwa ngano. Zimwi letu likikatwa kidole, waliomezwa hutoka hai, pamoja na mifugo yao. Hapa vitumba vya mmea vinachanua na kuonyesha nyuso za waliouawa. Seymour anaingia kinywani na kisu, na ua la mwisho lina uso wake. Hatoki mtu. Katika filamu ya kimuziki ya 1986, iliyoongozwa na Frank Oz, mwisho wa maangamizi ulipigwa picha, kisha ukaondolewa baada ya watazamaji wa majaribio kuukataa. Seymour na Audrey wakaachwa hai. Corman hakuwa na fedha nyingi za kuhofia kupoteza, naye akamwacha Seymour ndani ya ua.