Rubani Katoka Baharini

Kiswahili kilipokutana na eropleni hakikubabaika: kiliiita ndege, kikaipa mabawa na mkia, kisha kikaikabidhi kwa rubani, mwongoza vyombo vya baharini. Uteuzi huo una ushairi ndani yake. Karakanani, hata hivyo, ulimi umekatika. Fundi hufunua kiwiliwili cha ndege, akakuta mbavu zilizopangwa kama mataruma ya jahazi, naye huzitaja kwa Kiingereza. Huziba maungio ya tangi la mafuta lililomo bawani ili yasivuje. Mwunda jahazi angeitambua mara moja kazi hiyo kuwa ni kalafati. Istilahi gani tena ibuniwe mezani, ilhali neno lingali midomoni mwa mafundi wa Nungwi?