Sindano Moyoni mwa Gogo

Kiwanda kikisifiwa kwa kutunza mazingira, sifa huenda kwa miche kiliyoipanda. Nataka sehemu ya sifa hizo imfikie fundi wa vipimo. Chukua viwanda vya chai vya nyanda za juu za Kenya, ambako mvuke wa kukaushia majani hutoka kwenye boila zinazolishwa kuni, nyingi za mikaratusi. Majani mabichi huingia yakiwa na maji robo tatu ya uzito wake au zaidi. Chai hutoka ikiwa na asilimia 3 hivi. Kazi ya kiwanda, kwa sehemu kubwa, ni kuondoa maji, na inasikitisha moto huohuo ukitumika kukausha kuni zenyewe. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu maji. Kuyapasha maji hayo kutoka digrii 20 hadi 100 si mzigo mkubwa. Kuyageuza mvuke ndiko kunakodai joto zaidi ya mara sita ya hapo, na joto hilo hupaa na moshi bila kugusa jani hata moja.

Mizani peke yake haiufichui upotevu huu. Tani ya kuni mbichi na tani ya kuni kavu husomeka sawa, ilhali katika ile ya kwanza kilo 500 zaweza kuwa maji matupu. Hata kipima unyevu cha sindano, kinachosoma jinsi umeme unavyopita ndani ya mti, hakitegemeki sana unyevu ukizidi asilimia 30 hivi, na gogo hukauka nje kwanza. Fundi hodari hulipasua, akachoma sindano moyoni. Kisha hukihakiki kifaa kwa njia ya kale: hupima kipande, hukikausha kwa digrii 105 hivi, akakipima tena na tena hadi uzito ukome kushuka. Uvumilivu huo ndio ninaouenzi.

Watasema mchochea moto mzoefu huzijua kuni kwa kuzigonganisha na kusikiliza mlio. Kweli, na ujuzi huo usidharauliwe. Lakini sikio lake haliachiwi zamu ya usiku, wala haliwezi kuandikwa kwenye mkataba wa bei. Hoja nzito zaidi ni kwamba kifaa hakiokoi hata mti mmoja. Nakubali: namba isiyobadilisha uamuzi ni bure, na ndiyo sababu nasifu ufundi, si kifaa. Pishi, kipimo cha kale cha nafaka, ilikuwa na nguvu sokoni kwa kuwa muuzaji na mnunuzi waliikubali wote wawili. Vivyo hivyo, kuni zikilipiwa kwa ukavu wake, muuzaji mwenyewe atazipanga chini ya paa, zipate upepo, na shehena yenye unyevu wa asilimia 45 itarudi bandani kungoja miezi yake.