Si kila tope linalokataa umeme limejaa gesi

Ukipita Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, utapata mita ndogo zile za mafundi. Nunua moja, au azima. Nyumbani jaza bakuli tope lililokorogwa na maji ya chumvi, chomeka ncha mbili za mita, soma ukinzani. Utakuwa mdogo, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Sasa kata kipande cha plastiki kwenye dumu la mafuta ya kula, kisimamishe kati ya ncha hizo kama ukuta. Namba inapanda. (Itayumbayumba kidogo, usijali. Barafu ingefaa zaidi, ila kwa joto la Dar itayeyuka hujamaliza kusoma.)

Hivyo ndivyo wanavyotafuta hidrati za gesi chini ya bahari. Hidrati ni molekuli za maji zilizojipanga kama vizimba na kufungia methani ndani. Kwa macho ni barafu, ukiiwasha inawaka. Hukaa penye baridi na mgandamizo mkubwa, na mita 1 ya ujazo hutoa gesi kama mita za ujazo 164. Haipitishi umeme. Basi chombo kinashushwa kisimani, penye ukinzani mkubwa panapakwa rangi nyekundu, na msimulizi anasema: hidrati hii hapa.

Makala nyingi za kuelimisha umma, na slaidi nyingi za darasani, zinaishia hapo, na hapo ndipo tunapogombana. Gesi iliyo huru, chokaa na maji yasiyo na chumvi navyo hupandisha ukinzani. Hilo angalau hutajwa. Kinachorukwa ni hesabu.

Hesabu ya kugeuza ukinzani kuwa kiasi cha hidrati msingi wake ni Gus Archie wa kampuni ya Shell, aliyeichapisha mwaka 1942 baada ya kupima mawe ya mchanga ya visima vya mafuta. Wanaoitumia kwa kawaida huchukulia kwamba umeme unapita sawa upande wowote. Tope la mfinyanzi la baharini halikuwahi kukubali masharti hayo.

Mwaka 2006 msafara wa India ulichoronga Bonde la Krishna-Godavari, Ghuba ya Bengal, bahari hii hii yetu ya Hindi. Kituo namba 10 kilionekana tajiri ajabu: kwa hesabu ya kawaida, hidrati ilijaza zaidi ya asilimia 50 ya nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, pengine hadi 80. Lakini sampuli za visima vya jirani, zilizopandishwa juu bila kupoteza mgandamizo wake ili hidrati isivunjike, zilitoa chini ya asilimia 26 hivi. Mwaka 2009 Myung Lee na Timothy Collett walieleza sababu kubwa: hidrati ilikaa kwenye nyufa zilizosimama karibu wima, na umeme wa chombo ulilazimika kuzikatiza.

Rudi kwenye bakuli. Geuza plastiki ile ifuate njia ya umeme, toka ncha moja kuelekea nyingine. Namba inashuka. Plastiki ni ileile, wala hujaipunguza.

Mimi nilipokuwa shahada ya pili nilipewa data za zoezi la tope la mfinyanzi, nikatia kanuni ya Archie, nikapata asilimia 70, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Sikuwa nimeuliza hata swali moja kuhusu nyufa.

Kwa nini nakuchosha na haya? Tangu 2010 Tanzania imegundua gesi nyingi baharini, kwenye kina kirefu, nje ya Mtwara na Lindi. Ile ni gesi ya kawaida iliyonaswa kwenye miamba, si hidrati, ingawa watu huchanganya. Ila baadhi ya visima hivyo viko kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000, penye baridi na mgandamizo ambao hidrati inaupenda. Siku mtu akikuletea picha nyekundu kutoka huko na asilimia yake kubwa, muulize umeme ulipita upande gani, na kama ana sampuli iliyopandishwa na mgandamizo wake.