Imekwenda Wapi?

Mkaguzi hodari wa taka hatari haanzi na faili, huanza na ardhi. Niliyaona hayo siku niliyofuatana na mmoja wao hadi yadi ya malori kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, upande wa Jomvu. Tangu siku hiyo kazi yake naiweka safu moja na useremala na uundaji wa majahazi.

Alifika saa mbili asubuhi, akawasalimu mafundi, akamsalimu mwenye yadi, kisha akasimama kimya akitazama chini. Mimi niliona vumbi na changarawe tu. Yeye aliona weusi ulioanzia kwenye shimo la gereji, ukapita nyuma ya kontena, ukaishia kwenye lango dogo la uani. Alichutama, akachokoa udongo kwa kijiti, akakinusa.

Ndipo akaanza hesabu. Yadi ina malori 20. Lori kubwa hubadilishwa oili lita 40 hivi kwa mara moja. Kwa malori 20 ni lita 800, yaani mapipa manne ya lita 200. Bandani palikuwa na pipa moja, na hati za mchukuzi mwenye leseni zilionyesha jingine moja. "Haya mawili yamekwenda wapi, fundi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

Fundi akajikuna kisogo. "Yamekwenda kwa majirani, mama. Wanapaka nguzo za nyumba, mchwa wasile."

Jibu hilo lilinichoma. Nguzo za nyumba ya bibi yangu zilipakwa oili chafu hiyohiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa na kidumu. Hatukujua kwamba oili hutoka kwenye injini na chembe za vyuma vilivyosagika humo, wala kwamba sisi watoto tuliokwaruza nguzo zile kwa kucha tulikuwa tukichezea sumu.

Ustadi wote wa mkaguzi umo katika swali hilo fupi. Kanuni za usimamizi wa taka za Kenya zinataka taka zisafirishwe na hati ya kuzifuatilia tangu zitokako hadi zifikako. Lakini karatasi husema kilichoandikwa. Ardhi husema kilichomwagika. Mkaguzi huzisikiliza zote mbili, na zikikosana, huwauliza watu, kwa adabu, mpaka ukweli utoke.

Kwenye betri kuukuu alikaa zaidi. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani, juani, na moja ilikuwa na ufa. Tindikali yake ilikuwa imeila saruji ikaacha doa jeupe. Hakuondoka hapo mpaka zilipohamishiwa bandani, zikasimamishwa wima juu ya mbao. Upande huu wa Mombasa betri si jambo dogo. Owino Uhuru haiko mbali, mtaa ambao watu wake waliingiwa na madini ya risasi miilini kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwanaharakati Phyllis Omido aliwapigania kwa miaka, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fedha hizo, hata zingekuwa maradufu, hazimtoi mtoto risasi damuni. Mkaguzi anayeinama juu ya betri yenye ufa anafanya kazi ambayo hakimu hawezi kuifanya: anawahi.

Mwisho alifunua shimo la kutenganishia mafuta na maji. Lina vyumba vitatu: mafuta huelea na kubaki, tope huzama, maji hupita kwa chini mpaka chumba cha tatu, ndipo yatoke kuelekea horini, wanakotafuta kaa wavuvi wa Jomvu. Alichovya kijiti chumba cha tatu. Juu ya maji pakatandazika rangi za upinde wa mvua. Akamwita mwenye yadi aone kwa macho yake, akaandika amri, akampa mwezi mmoja.

Tuliporudi mwezi ulipokwisha, yule fundi ndiye aliyetupokea. Alikuwa na daftari: oili iliyoingia, oili iliyotoka, tarehe na sahihi. Kisha, bila kuulizwa, akatangulia shimoni, akachovya kijiti chumba cha tatu, akakiinua juani. Yalidondoka maji matupu.