Hadithi ya Ndizi na Ulimi wa Bibi



Wajukuu zetu wa hapa Muscat wanajua kusoma. Kiarabu ndiyo lugha ya skuli, na kwa kuwa Kiingereza nacho hufundishwa tangu darasa la kwanza, herufi za Kirumi haziwatishi. Mpe mtoto wa miaka minane ukurasa wa Kiswahili, atautamka wote bila ya kukwama, maana Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa. Kisha muulize amesoma nini. Atakuangalia wewe, ataangalia picha, na jibu litakuja kwa Kiarabu.

Kwa hivyo tulifurahi sana tulipovipata vitabu vya picha vya African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliofunguliwa kwa umma mwaka 2014. Hadithi zake ni fupi, zina picha kila ukurasa, zimetafsiriwa kwa lugha nyingi za Afrika, na leseni zake zinaruhusu watu kuzichapa, kuzitafsiri upya na kuzigawa bure. Kwetu sisi, ambao kitabu cha Kiswahili hutufikia ndani ya sanduku la mgeni aliyetoka Unguja, hiyo si neema ndogo. Lakini shukrani hazituzuii kusema tulichokiona.

Tuchukue hadithi moja, ile ya ndizi za bibi, iliyoandikwa na Ursula Nafula wa Kenya na kuchorwa na Catherine Groenewald. Mtoto anapendwa na bibi yake kuliko wajukuu wengine, naye anajua siri zake zote isipokuwa moja: mahali bibi anapoivishia ndizi. Mtoto anachungulia, anaona kapu kubwa na majani ya mgomba, na bibi asipokuwepo anaiba. Jioni anaitwa mbele ya wazee, na hana haja ya kuuliza kwa nini. Ni hadithi nzuri. Haihubiri, na aibu ya mtoto yule inamfika kila aliyewahi kudokoa jikoni.

Tulimpa bibi mmoja wa Al Khoudh amsomee mjukuu wake tafsiri iliyoufuata Kiingereza neno kwa neno. Alisoma kurasa mbili kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali. Mtoto akaanza kuchezea zulia. Bibi akaiweka karatasi chini, akauliza, "Huyu kaingia kwa bibi yake, mbona haamkii?" Kisha akaishika picha na kuanza upya kwa ulimi wake. Mtoto wa hadithi akapiga hodi, akasema shikamoo, akajibiwa marahaba. Ndizi hazikuivishwa tena, zilivumbikwa. Kapu likafunikwa gubigubi. Mwizi akanyata, akasita, akanyata tena. Mjukuu akaacha zulia, na ilipofika zamu ya wazee kumwita mwizi, akasema mwenyewe kwa Kiswahili, "Wamemjua!"

Hapo ndipo tulipoona kasoro ya vitabu vingi vya namna hii. Tafsiri zake hazina makosa ya sarufi. Mwalimu angezipa alama nzuri. Ila zimefasiriwa kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kitabu cha mtoto mdogo hakiishi kwenye ukurasa, kinaishi mdomoni mwa anayemsomea. Kiingereza kinasema tu kwamba ndizi zinaivishwa. Kiswahili kina kitenzi chake maalumu cha kazi hiyo, na kukiacha ni kumnyima mtoto neno ambalo skuli haitampa. Vivyo hivyo mtoto wa Kiingereza anaweza kuingia kwa bibi yake na kuanza maswali, lakini wetu hawezi, ila awe hana adabu.

Mtoto wa Tanga hadhuriki sana na ukavu huo. Akifunga kitabu, Kiswahili kinamngoja mlangoni, kwa muuza maji na kwa jirani. Wazee wetu nao walisoma skulini tafsiri za Frederick Johnson, Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zote za mwaka 1929, na hawakuhitaji vitabu hivyo kuwafundisha kuamkia. Mtoto wetu wa Seeb akifunga kitabu, Kiswahili kimefungwa nacho.

Watakuwepo watakaosema kwamba tukiandika kwa ulimi wa bibi tutawaharibia watoto Kiswahili sanifu. Tunawakumbusha kwamba ulipofanyika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifu ilikuwa Kiunguja. Ulimi wa bibi wa Al Khoudh ndiko sanifu ilikotoka. Na maneno ya wenzetu hayatutishi: Mkenya akimwita mama wa mzazi wake "nyanya", mjukuu wetu atacheka kwanza, maana kwetu hiyo hutiwa kwenye mchuzi na wengine huiita tungule. Akishacheka atakuwa amejifunza neno. Yeye hadhuriwi na wingi wa maneno. Linalomdhuru ni Kiswahili kisichomwita ajibu.

Basi tunapendekeza jambo dogo. Hadithi zipo, picha zipo, na ruhusa ya kuzifasiri upya ipo. Kila nyumba yenye bibi au babu anayekijua Kiswahili ichague hadithi moja. Mzee apewe picha bila ya maandishi, aisimulie mbele ya mtoto, na kijana mmoja wa nyumbani aandike anayoyasikia, pamoja na hodi, vicheko na maswali ya mtoto. Hayo ndiyo yachapwe chini ya picha. Bibi zetu waliokuja hapa baada ya 1964 na 1970 wanapungua kila mwaka, na kazi hii haitaki fedha wala kamati. Inataka jioni moja, nao wakiwa bado wamekaa nasi.